Fundi Aliyetoa Namba Kwenye Nyimbo

Kabla hajakubali kuandika NYAMA SAFI kwenye bucha ya mtu, fundi yule alikuwa anaingia ndani kwanza kunusa. Ananusa nyama, ananusa gogo la kukatia, anainama mpaka kwenye aproni ya mwenye bucha ananusa na hiyo. Asiporidhika anafunga kopo lake la rangi, anasema, "Nitakuandikia NYAMA tu. Hiyo SAFI utaisema mwenyewe kwa mdomo." Hapa Mkiwa ipo bucha mpaka leo imeandikwa NYAMA, halafu nafasi tupu. Mwenyewe aliapa ataleta fundi mwingine kutoka Singida mjini. Hakumleta. Nafasi ipo vilevile, na wateja wote wanajua maana yake.

Sasa mtu huyohuyo ndiye aliyekuwa anaandika namba za uongo za pikipiki za kijiwe chetu cha njia panda, karibu zote. Msiniulize inakuwaje. Nimekaa naye jirani miaka mingi, ukuta kwa ukuta, yeye na rangi zake, mimi na mafuta yangu ya alizeti na matenga ya kuku, na sijamwelewa vizuri mpaka leo. Ninachoweza ni kumsema nilivyomwona. Mimi ni mtu wa darasa la tatu, na hata hilo la tatu sikulimaliza. Pale kalamu iliponishinda mjukuu wangu Zaituni amenishikia, lakini maneno ni yangu.

Alikuwa mrefu, amekauka kama mti wa uzio, na vidole vyake havikuwahi kuwa na rangi moja. Leo bluu, kesho nyekundu. Ukimsalimia kwa haraka hakujibu. Vijana wa bodaboda walikuwa wanakuja wanapiga honi nje, "Fundi! Fundi! Nina abiria!" Yeye anaendelea kupiga msasa bati lake. Mpaka kijana azime pikipiki, ashuke, avue kofia, aseme "shikamoo mzee" ndipo fundi anageuka kama mtu aliyeamshwa. "Marahaba. Ulikuwa unasemaje?" Kijana mmoja aliwahi kumwambia, "Mzee, shikamoo yako inanipotezea abiria." Fundi akamjibu, "Abiria asiyeweza kusubiri shikamoo, huyo atashuka bila kukulipa." Sijui kama ni kweli, ila kijana alishuka.

Chai alikunywa kwangu, bila sukari, kikombe chake peke yake, kwa sababu kilinuka tina ya kuyeyushia rangi na hakuna mwingine aliyekitaka.

Alikuwa pia mwalimu wa kwaya kanisani kwao. Mimi ni Mwislamu, kanisani kwao siingii isipokuwa kwenye harusi na mazishi, lakini sauti yake niliijua kuliko wanaomwimbia, maana mazoezi yote yalipita ukutani kwangu. Akipaka rangi anaimba kidogo kidogo. Akikosea herufi ananyamaza. Basi mimi nikikamua mafuta upande huu, nikisikia kimya, najua huko kuna kibao kimeharibika.

Nilisema nitazungumzia namba. Watu wa mbali wanaweza kudhani ni wizi mkubwa. Haikuwa hivyo. Mtu anauza gunia zake za vitunguu au mbuzi wake, anaongeza na hela za shemeji yake, anapata pikipiki. Akishaipata mfuko umekauka, na kuisajili ni hela nyingine. Au ameinunua kwa mtu aliyeinunua kwa mtu, kadi haijulikani ilipo. Kule barabarani trafiki wanamwona mbali asiye na kibao. Lakini ukiwa na kitu cheupe huko nyuma, chenye herufi nyeusi zilizonyooka, kwa mbali unapita. Basi wanakuja kwa fundi.

Alikuwa na vibao vya aina mbili. Cha kwanza hakikuwa na namba kabisa, kiliandikwa NAMBA INASHUGHULIKIWA. Hicho aliwapa wale wenye pikipiki mpya. Kuna mmoja alizunguka na INASHUGHULIKIWA yake mpaka siti ikatoka sponji. Siku trafiki alipomsimamisha, mimi nipo pale na tenga langu la kuku.

"Hii namba inashughulikiwa na nani?"

"Na Mungu, afande."

"Basi mwambie pikipiki nimeishika mimi, aje aichukue."

Tulicheka mpaka kuku wakashtuka. Na mimi nilicheka, nalisema hili mapema ili baadaye msinione mtakatifu.

Aina ya pili ndiyo iliyokuwa na namba. Alikata debe la mafuta ya kupikia, akalinyoosha kwa nyundo, akalipaka nyeupe mara mbili, likikauka anaandika. Huwezi kuitofautisha na ya kweli mpaka uiguse, maana ya kweli herufi zake zimeinuka, za kwake zimelala. Jambo moja alilikataa katakata: kunakili namba ya pikipiki ya mtu mwingine. Waliomletea namba zilizoandikwa kwenye karatasi, "niandikie hii, ni ya pikipiki iko Tabora, hatajua," aliwafukuza na brashi mkononi. "Siibi namba ya mtu mimi!" Ndiyo hapo alipopata akili yake ya ajabu. Namba alizitoa kwenye kitabu cha nyimbo. Wimbo aliokuwa anaufundisha kwaya wiki hiyo, namba yake ndiyo inakwenda kwenye bati. "Namba ya wimbo haina mwenyewe," aliniambia. "Ni ya Mungu." Nikamwambia, "Fundi, hapo umeongeza kosa juu ya kosa." Akaimba.

Siku nyingine nilimbana. Nilimuuliza, bucha wewe unanusa, msalaba wa kaburi unakataa kuandika BABA MWEMA kama marehemu alikuwa mlevi wa kupiga watu, sasa hivi vibao vipi?

"Bibi Zaituni, wewe unaona uongo. Mimi naona mtu ana mke, ana watoto, ana pikipiki imesimama ndani. Namwandikia aanze kazi. Akipata, ataenda kusajili."

"Na asipokwenda?"

"Ataenda."

"Nani ameshakwenda? Nitajie mmoja."

Akakinusa kikombe chake. "Hii chai leo umeweka tangawizi?"

Akaletwa kituo chetu cha polisi, Ikungi, trafiki mwanamke, mnene, mcheshi, macho makali. Jumapili yake ya kwanza akaenda kusali kanisani kwa akina fundi. Akakaa mbele, akaimba, na ubao wa namba za nyimbo pale ukutani si aliuandika fundi mwenyewe kwa mkono wake? Jumatatu asubuhi trafiki amesimama njia panda. Anapita wa kwanza, 124. Anapita wa pili, 203. Wa tatu, 087. Akapuliza filimbi, akawapanga watatu kwa mstari, akawazunguka mikono kiunoni.

"Nyie ni pikipiki au ni ibada?"

Vibao vile vitatu alivifungua palepale kwa bisibisi. Jumapili iliyofuata akaenda navyo kanisani kwenye mkoba, na baada ya sala akamwita fundi pembeni. "Mwalimu," akamwambia, "safari ijayo nichagulie nyimbo zisizo na tairi. Nikikiona kingine nakuweka ndani, na kwaya itakosa mwalimu." Alimwonya mbele ya mchungaji. Fundi aliinamisha kichwa. Alikaa mwezi mzima anaandika maduka na misalaba tu, na sisi tukasema kapona.

Hakupona. Aliruka nyimbo zinazoimbwa, akaenda kuchukua zile za nyuma ya kitabu ambazo hakuna anayezijua.

Nina deni la shukrani kwake, na hilo nalo liandikwe. Simu iliponunuliwa nyumbani kwangu sikuweza kumpigia mtu. Herufi nilikuwa nazikumbuka chache, namba zilinichanganya, sita na tisa kwangu zilikuwa mtu mmoja amelala na kuamka. Fundi alichukua mfuniko wa debe, akanichorea namba zote kuanzia sifuri, kubwa, nyeusi, akauning'iniza karibu na mashine yangu ya kukamulia. Kila asubuhi kabla ya chai ananiuliza, anaonyesha kwa fimbo, kama mtoto. "Hii?" "Nne." "Hii?" "Saba." "Hii?" Nikikosea hanywi chai, anakaa anaitazama inapoa. Niliwahi kumwambia mimi ni mtu mzima nina wajukuu, usinifanyie hivi. Akasema, "Wajukuu wako wanajua tisa. Wewe hujui." Nilimchukia wiki nzima, na wiki hiyohiyo nikaijua. Tisa yake ilikuwa na mkia uliojikunja kwenda juu kama wa jogoo. Hakuna mtu mwingine anayeandika tisa hivyo, mahali popote nilipopita.

Kibao cha biashara yangu ndicho alichoshindwa kunishawishi. Alikitaka sana. Mimi nikamwambia watu wananijua, kibao cha nini, sina mpango wa kupotea.

Ikafika siku ya gulio Ikungi. Zaituni alikuwa kidato cha pili, anarudi kutoka shule, pembeni kabisa ya barabara, hata siyo kwenye lami. Pikipiki iliyojaza magunia ya vitunguu ikamfuata hukohuko pembeni, ikampiga mguu wa kushoto chini ya goti, ikayumba, ikanyooka, ikaondoka. Haikusimama. Mama mmoja muuza mayai ya kuchemsha ndiye aliyemfunga mguu kwa kanga yake na kumkalisha kwenye gari la watu. Mimi nilimkuta hospitali. Sitasema nilivyouona ule mguu. Daktari alisema bila chuma utaunga hivyohivyo umepinda, na chuma kinatakiwa upesi, na chuma si bure. Mtoto wangu, mama yake Zaituni, alishafariki. Nilikuwa na kuku kumi na moja na mashine ya kukamulia mafuta.

Polisi nilikwenda. Muuza mayai alikuwa ameishika namba kichwani, 319, na herufi zake. Wakaitafuta. Afande mmoja kijana akaniambia kwa upole, "Bibi, hii namba haipo."

"Haipo vipi?"

"Haipo popote. Ni ya kubuni."

Nikamwambia, mguu wa mjukuu wangu upo, umevunjika, uko kitanda cha tatu dirishani. Kilichouvunja ndicho hakipo? Akaniletea maji.

Nilirudi kwa muuza mayai kumshukuru na kumlipa kanga yake, akakataa. Nikamuuliza ile namba ilikuwaje. Alichuchumaa, akaichora kwenye vumbi kwa kidole, tatu, moja, tisa. Na ile tisa akaipandisha mkia juu. "Ilikuwa na mkia hivi," akasema, "ndiyo maana nikaikumbuka."

Nilitembea mpaka nyumbani bila kumwona mtu. Nikachukua ule mfuniko wa debe pale ukutani, nikauzunguka ukuta, nikamkuta amekaa anasafisha brashi kwa petroli. Sikumsalimia. Niliuweka mbele yake chini, nikaweka kidole kwenye tisa.

"Mia tatu kumi na tisa," nikasema. "Umempa nani?"

Alijua papo hapo. Akawa anaikamua brashi, anaikamua, petroli inamtiririka mpaka kwenye kiwiko. Angesema hajui ningefanya nini? Mimi ni bibi kizee na mfuniko. Na akisema, alishaonywa na trafiki mbele ya mchungaji, anaingia ndani na yeye. Hayo tulikuwa tunayajua wote wawili, hakuna aliyehitaji kuyasema.

"Zaituni yuko hai?" akauliza.

"Yuko hai. Mguu ndiyo hatujui."

"Nenda kalale, Bibi Zaituni."

"Silali. Nitajie."

"Nenda," akasema. "Nikikutajia wewe, utakwenda wewe. Hii si safari yako."

Nilimtukana. Nilimwita majina ambayo Zaituni amekataa kuyaandika hapa. Upande wake wa ukuta haukutoa wimbo wowote jioni ile.

Asubuhi nimetoka kufungua kuku, namwona fundi anapita njiani amevaa suti ya kwaya, ile nyeusi ya Pasaka, na kijana mmoja naye amevaa suti kama hiyo. Nilimjua: ndiye aliyekuwa na sauti nzito kuliko wote kwenye kwaya, ukuta wangu ulikuwa unatetemeka akiimba. Walikuwa wanasukuma pikipiki. Mbele kijana ameshika usukani, nyuma fundi anasukuma kwa mikono miwili, na pale pa kibao hapana kitu, matundu mawili tu ya skrubu. Kibao kilikuwa kwapani kwa fundi kimefungwa kwa gazeti.

"Mnakwenda wapi?" nikauliza, kama sijui.

"Ikungi," akasema fundi.

"Kwa kusukuma? Si muiwashe?"

"Haitembei tena kwa mwandiko wangu hii."

Wakaenda. Waliowaona njiani wanasema walidhani ni bwana harusi ameishiwa mafuta. Walifika kituoni jua kali, suti zimelowa, na yule trafiki mwanamke ndiye aliyekuwa mlangoni. Alitusimulia baadaye. Fundi aliweka kibao mezani, akaweka kopo la rangi, akaweka brashi tatu kwa mpangilio. Akasema, "Afande, uliniambia. Kibao nimekiandika mimi. Huyu ndiye aliyekiendesha. Tuandike wote, na mimi nianze." Kijana akalia. Alisema alimsikia mtoto akipiga kelele na akaendelea kwa sababu alijiambia namba haijulikani, haipatikani. Fundi aliposikia hivyo ndipo alipokaa chini sakafuni. Trafiki anasema mpaka hapo alikuwa amesimama wima kama anaongoza kwaya.

Walishtakiwa wote wawili, wakaadhibiwa, na kijana akatakiwa kumtibu Zaituni. Ile pikipiki iliuzwa na ndugu zake, mguu ukapata chuma. Fundi naye aliuza baiskeli yake. Hakuna aliyemwambia auze. Baiskeli hiyo alikuwa ameifungia kibao chake mwenyewe, namba ya wimbo alioimbiwa mke wake marehemu siku ya harusi, na watoto walikuwa wanaikimbilia. Aliivua namba, akauza chuma. Nilimwambia hakuna haja. Alijibu, "Haja ninaijua mimi."

Sikumsamehe siku hiyo. Nilimsamehe taratibu, kwa vikombe. Kwanza chai nilimwekea nje. Baadaye ndani.

Aliporudi kijiweni aliwaita vijana wote, akangoja shikamoo zao ziishe, akawaambia vibao basi. Walilalamika, mmoja akamwambia, "Mzee, sasa tule nini?" Akawatolea debe alilolipaka nyeupe, limetobolewa juu, limeandikwa kwa herufi zake nzuri: NAMBA YA KWELI. Kila siku ya gulio kila mmoja anatumbukiza kidogo, debe likijaa pikipiki moja inakwenda kusajiliwa, kwa kura. Wa kwanza kupata alikuwa yule wa INASHUGHULIKIWA. Kijiwe kizima kilimsindikiza kwa honi mpaka nikaziba masikio. Na yule kijana wa sauti nzito, alipopata pikipiki ya mkopo, alikataa kuipanda mpaka iwe na namba yake. Miezi yote ya kliniki yeye ndiye aliyempeleka Zaituni na kumrudisha, mwendo wa kobe, Zaituni akawa anamzomea, "Kaka, hata magongo yangu yanakupita!"

Nimemwona fundi mwezi huu, na ndiyo maana nimekaa kuandika. Pikipiki ya mwisho ya kijiwe ilikuwa imepata namba. Walimwita aje aifunge yeye kwa bisibisi. Siku hizi mikono inamtetemeka na jicho moja limeingia ukungu, lakini alikuja amevaa suti. Alikichukua kile kibao, akakipitishia kidole gumba, herufi moja moja, polepole, kama anapapasa uso wa mtoto.

"Zaituni," akasema, "nisomee."

Zaituni, aliyekuja likizo kutoka chuo cha uuguzi, ndiyo, uuguzi, na msiponipongeza nitajipongeza mwenyewe, akamsomea zote. Fundi akasikiliza mpaka mwisho. "Siujui wimbo huo," akasema. Watu wakacheka, yeye akaifunga skrubu, mara mbili ikamponyoka, hakuna aliyethubutu kumsaidia.

Kibao cha zamani kilichotolewa pale, kile cha debe, alikichukua. Nilidhani anakwenda kukitupa. Kesho yake kanijia nacho, amekigeuza upande wa pili, amekipaka nyeupe.

"Mimina mafuta yako hapa," akasema, akaninyooshea kiganja. Nikamimina. Akayanusa, akayalamba, akatulia sana. Niliogopa, wallahi, mimi niliyekamua alizeti maisha yangu yote. "Safi," akasema, na akakaa kuandika.

Alichukua nusu siku. Aliimba, akanyamaza, akaimba. Herufi zimepinda, zinapanda na kushuka kama kuku wanaoingia bandani. Akanipa. "Soma."

"BIBI ZAITUNI," nikasoma. "MAFUTA YA ALIZETI. SAFI." Na chini yake namba yangu ya simu, inayoishia na tisa, mkia juu.

Wanaopita wananiambia nitafute fundi mwingine azinyooshe herufi. Nawaambia pita njia yako. Siku ile ya kukitundika Zaituni alileta stuli, akapanda, akaona kushoto hapafikii vizuri, akaunyanyua mguu wa kulia hewani, akasimama kwa ule wa kushoto peke yake, akajinyoosha mpaka juu kwenye boriti. Mimi na fundi tulikuwa chini, kila mtu ameshika kikombe chake, hatupumui. Akagonga msumari mara nne, akaushusha mguu, akatugeukia.

"Kimenyooka?" akauliza.

"Kimenyooka," tukasema wote wawili.